Rodi ya kukunja mwaka mzima ukingoni: nimeitumia kwenye mvua, jua na baridi, haya ndo niliyoyaona

Wakuu, hii riviu nimeichelewesha makusudi. Nilipoinunua hii rodi watu wawili watatu waliniomba niandike wiki ileile, nikawaambia subirini kwanza, maana rodi ya kuvulia ukiijaribu siku tatu za jua zuri utaandika sifa tupu, kitu kikiwa kipya kila kitu kinafanya kazi. Nilitaka maji yapande, yashuke, yachafuke, yapoe, na mi niwe nimesimama ukingoni na rodi ileile mkononi. Sasa mwaka umezunguka. Imeshavunjika ncha mara moja, imeshakwama mara nyingi tu, na imeshanitolea samaki ambao nisingewapata na rodi yangu ya zamani ya vipande viwili, na sio kwamba hii ni bora kuliko ile, hapana, ile ni bora na ntasema kwa nini, ila siku hizo hii nilikuwa nayo mgongoni na ile ilikuwa imeegeshwa ukutani nyumbani.

Jina la kampuni sitaji. Rodi za aina hii zinafanana sana, ukitoa stika na rangi huwezi kujua ipi ni ipi, kwa hiyo nazungumzia aina, na ukijua cha kuangalia utachagua mwenyewe.

Ni rodi ya mita 2.7, vipande 7 vinavyoingiana kama eriali ya redio, ikikunjwa inabaki fupi kama mkono wa mtu mzima na inaingia kwenye begi la mgongoni zipu ikafunga. Imeandikwa inarusha uzito wa gramu 10 hadi 30. Nimeifunga rili (kile kifaa cha kuzungushia mshipi) ya kawaida ya saizi 3000 na mshipi wa nailoni wa milimita 0.28, basi, hakuna kingine. Chubwi ndogo, boya, ndoana za saizi mbili tatu, vyote kwenye kopo moja.

Sasa kabla sijaenda kwenye ubora wake ngoja niseme hii rodi ni ya nani, maana hapo ndo watu wanakosea halafu wanalalamika. Hii ni ya sisi wa ukingoni. Sisi ambao hatuna boti, hatuna shamba linaloishia ziwani, tunavua pale ambapo mtu yeyote anaruhusiwa kufika. Na ukiangalia vizuri sehemu hizo zinavyokuwa utaona zina tabia moja, ni nyembamba na ziko mbalimbali, pembeni ya daraja, juu ya tuta la bwawa, kwenye kigati cha umma, pale wanaposhushia boti, kipande cha ukingo kati ya uzio na uzio. Ukitaka kutoka kimoja kwenda kingine unatembea, tena unapita kwenye matete na miiba na wakati mwingine unainama chini ya matawi, na rodi ndefu iliyofungwa tayari inanasa kila hatua, ncha inagonga mti, mshipi unajizungusha kwenye majani, unafika umechoka na umekasirika. Hii naikunja, naiweka begini, natembea mikono mitupu, nikifika naichomoa. Dakika mbili ukizoea. Ukiwa na boti au una sehemu moja tu unayokaa kutwa, hii sio ya kwako kabisa, nunua ya vipande viwili.

Na jamani hili suala la kufika majini ni kubwa kuliko rodi yenyewe. Nimekuwa nasoma nchi mbalimbali wanafanyaje na inashangaza tofauti zilivyo. Kule Montana, Marekani, mahakama ziliamua mwaka 1984 na sheria ikatungwa 1985 kwamba mto ukishakuwa wa kufaa kwa burudani, raia anaruhusiwa kuutumia hadi alama ya kawaida ya maji kujaa, hata kama ardhi ya pembeni ina mwenyewe, mradi ameingilia sehemu ya umma kama kwenye daraja na asikanyage shamba la mtu. Uswidi wana ile haki ya kila mtu kutembea porini lakini uvuvi haumo humo, ila kwenye maziwa yao matano makubwa, Vänern, Vättern, Mälaren, Hjälmaren na Storsjön, kila mtu anaruhusiwa kuvua bure kwa zana za mkononi. Ufini kuvua kwa fimbo na mshipi wa kawaida ni bure kwa wote, na hata kutoboa barafu na kuvua ni bure, lakini ukitumia rili na chambo cha kuvuta, ukiwa kati ya miaka 18 na 69 lazima ulipie. Ona hapo, yaani kifaa ulichoshika mkononi ndo kinaamua kama umo ndani ya sheria au nje! Ndo maana nasema kabla hujanunua rodi, ulizia kwanza maji ya kwako yanaruhusu nini, wapi, na mwezi gani. Mwezi gani ni muhimu sana maana kufika kunaweza kuwa halali na kuvua kusiwe halali, mfano Uingereza kwenye mito msimu wa samaki wasio wa jamii ya samoni na trauti unafungwa tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, njia ya kando ya mto iko wazi watu wanatembeza mbwa, ila ndoana isiguse maji.

Haya turudi kwenye rodi. Nilianza nayo kiangazi, maji yakiwa yameshuka.

Kiangazi ndo msimu ambao mvuvi wa ukingoni anapata nafasi kuliko wakati wote, na sizungumzii kupata samaki, nazungumzia ardhi. Maji yakirudi nyuma ukingo unapanuka, unatembea juu ya sakafu ya ziwa yenyewe, matope yaliyokauka yamepasuka vipande, unaona kisiki kilipo, unaona mfereji wa zamani, unaona jiwe kubwa ambalo mwaka mzima lilikuwa linakula ndoana zako na hukujua ni nini. Mi nilitembea na daftari nikachora. Hiyo michoro ndo ilinisaidia baadaye mvua zilipojaza, nilikuwa narusha kwenye maji ya kahawia hayaonyeshi kitu lakini najua hatua kumi na tano kutoka kwenye mti ule mkubwa kuna shimo. Kwa hiyo hata kama kiangazi hupati kitu, nenda.

Kuhusu samaki wa kiangazi, joto linabana. Maji ya moto yanabeba hewa kidogo, kwenye nyuzi 10 za Selsiasi lita moja ya maji inaweza kubeba kama miligramu 11 za oksijeni, ukifika nyuzi 30 inabaki kama 7 na nusu, na wakati huohuo samaki mwenyewe mwili wake umechemka anahitaji hewa zaidi. Halafu kwenye ziwa lenye kina maji yanajigawa, ya moto yanakaa juu, ya baridi chini, hayachanganyiki, na ya chini yanaisha oksijeni pole pole. Watu wanasema nenda kina kirefu kuna ubaridi, sio kila ziwa, chini kabisa kunaweza kuwa hakuna uhai. Mi nilikuwa naenda alfajiri na jioni na kutafuta pale upepo unapopigia ukingo, mawimbi yanaingiza hewa na yanasukuma chakula upande huo. Hapo rodi ilinionyesha udhaifu wake wa kwanza: kurusha kinyume na upepo. Pete zake, zile zinazopitisha mshipi, ni chache kuliko za rodi ya vipande viwili ya urefu uleule, maana kila kipande kinabeba pete yake mwishoni tu, basi mshipi katikati unagusa mwili wa rodi na unakwaruza, nguvu inapotea. Kwa gramu 20 sijaona shida, kwa gramu 10 kwenye upepo boya linaangukia karibu mno. Nilikubali tu, nikawa natafuta sehemu ambazo samaki wako karibu na ukingo, na kusema kweli ndo walipo mara nyingi kuliko tunavyodhani.

Na hapa kuna jambo la vitanda vya sato. Maji yakiwa vuguvugu na yametulia utaona kwenye kina kifupi viduara vimechimbwa mchangani kama sahani, kila kimoja kina dume anazunguka juu yake. Jike akishataga anachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo, anakaa nayo hukohuko mdomoni hadi vifaranga vinaanza kuogelea, kipindi hicho hali chakula au anakula kidogo mno. Kwa hiyo anayebaki kwenye kitanda ni dume mkali anayeuma chochote kinachoingia kwake, ni rahisi kumpata, na mi nimeona watu wanasimama hapo wanawatoa mmoja baada ya mwingine kutwa nzima. Mi sifanyi hivyo na naomba na wewe usifanye. Sogea mita ishirini, samaki wapo.

Mvua sasa. Hapa ndo rodi ilinilipa.

Kila mtu anakimbia mvua zikianza kwa sababu maji yanakuwa tope, na kweli kama unategemea samaki anayewinda kwa macho utakaa bure. Lakini kambare haangalii, anapapasa. Ana zile sharubu nane zinanusa na kuonja, halafu ana kiungo cha ziada juu ya mashavu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo maji machafu yasiyo na oksijeni ambayo yanaua wengine yeye anapita. Mvua za kwanza kubwa zikishafurika nyasi za ukingoni anapanda humo, kula na kuzaa. Ilikuwa jioni, mvua imekatika saa moja nyuma, nikaenda pale ninapopajua, wiki mbili zilizopita nilikuwa nimekaa hapo juu ya nyasi kavu, sasa maji yanafika kwenye kifundo cha mguu na nyasi zimesimama ndani yake, zinatikisika. Sio upepo. Zinatikisika moja moja, kama mtu anapita chini yake na kidole. Nikasimama sijui dakika ngapi naangalia tu. Nikachomoa rodi, nyungunyungu wawili kwenye ndoana, bila chubwi kabisa, nikarusha karibu, mita nne tano, pale ambapo nyasi zinaishia. Mshipi ukalegea kwanza, halafu ukaanza kutembea kwenda kushoto taratibu, halafu ukakaza. Rodi ikapinda mpaka chini kwenye mshiko, na hapa niseme ukweli, inapinda vibaya, sio upinde mzuri wa kuendelea, kwenye kila maungio pananyooka kidogo halafu panapinda tena, unaona kabisa vipande vyake, lakini ilishika. Breki ya rili nilikuwa nimeiweka kwenye robo ya nguvu ya mshipi, ikawa inalia kila anapokimbilia kwenye nyasi, mi nanyanyua rodi juu mshipi usinase. Nikamtoa kwa kumburuta juu ya nyasi zilezile. Mweusi, ngozi inateleza haina magamba, kichwa kipana kigumu kama kimefunikwa na sahani, anapumua huku ananiangalia na sharubu zinatembea. Tumbo limejaa mayai. Nikamtoa ndoana kwa koleo, maana yale mapezi ya pembeni yana mwiba na akikuchoma utakumbuka, nikamrudisha kwenye maji ya kifundo cha mguu akaondoka mgongo ukiwa nje.

Nilipata wengine wawili msimu ule wa mvua, wadogo kidogo, madume. Rodi ndefu ingefanya kazi nzuri zaidi ya kupigana nao, sikatai. Ila siku ile nilikuwa natoka kwenye shughuli zangu, sikupanga kuvua, mvua imekatika ghafla na nafasi ile inadumu masaa machache tu. Rodi ilikuwa begini. Hiyo ndo hoja yangu.

Tahadhari mbili za mvua na hizi sio za kuruka. Radi ikisikika kunja rodi uondoke, rodi ya kaboni inapitisha umeme, rodi ndefu iliyonyanyuliwa ukingoni mahali peupe ni hatari, na hivyohivyo usirushe chini ya nyaya za umeme hata siku ya jua. Uzuri wa hii inakunjika haraka, ukitoa ile hadithi ya kukwama ninayoisema chini. Na ya pili, mto uliofurika usiuingie kwa miguu, sehemu za umma zilizo salama kiangazi zinabadilika, ukingo unaliwa chini na maji, unakanyaga juu unaona ni imara kumbe kuna pango chini yake. Mi nasimama nyuma hatua mbili kutoka kwenye kingo, mita 2.7 inatosha kufikia.

Baridi sikukaa sana majini. Samaki damu yake inafuata joto la maji, yakipoa tumbo linafanya kazi taratibu, hana haja ya kula kila siku. Sato kwenye maji yaliyoshuka chini ya kama nyuzi 16 anaacha kula, hata umwekee nini mdomoni. Kapi anapunguza ila haachi kabisa, unamtafuta mchana jua likiwa limewasha kina kifupi. Trauti ndo kinyume, huyo anapenda nyuzi kama 10 hadi 16, maji yakipita 20 anaanza kuteseka, kwa hiyo kwenye mito ya milimani wakati wengine wamelala yeye yuko kazini, ila trauti wengi wanazaa kipindi cha baridi kwenye kokoto, ukiona mahali kokoto zimesafishwa zinang'aa kuliko pembeni usikanyage, yale ni mayai chini. Na kwa wanaoishi kwenye barafu, maji yanakuwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa kwenye nyuzi 4, kwa hiyo hayo yanakaa chini na barafu inaelea juu, samaki wako chini kwenye nyuzi 4 wanasubiri. Rodi hii kwa barafu haifai hata kidogo, kule wanatumia fupi sana, chini ya mita moja.

Kilichonifundisha kuhusu rodi msimu wa baridi ni maungio. Asubuhi ya ubaridi nilichomoa kama kawaida, nikavua masaa matatu, nikataka kukunja, vipande viwili vya katikati vimegoma. Na geti la ile sehemu linafungwa jua likizama. Nikavuta, nikazungusha, mikono imekufa ganzi, mwisho nikatembea nayo imechomoza nusu hadi nje. Shida ilikuwa mchanga. Chembe moja ya mchanga inaingia kwenye maungio, unakaza, inakuwa kama kabari. Na wengi tunachomoa kwa nguvu, tunapiga mkupuo kama tunakung'uta maji, ndo tunaziharibu. Sasa hivi nafanya hivi: naanza kuchomoa ncha kwanza, kipande kimoja kimoja, nazungusha kidogo kukaza hadi pete zinyooke mstari mmoja, sivuti tena zaidi ya hapo. Kukunja naanza na kipande kinene cha chini kwenda juu, nazungusha kwanza ndo nasukuma, sisukumi bila kuzungusha. Ikikwama, nagonga kitako chake juu ya ubao wima, taratibu, kipande kilichokwama kinadondoka ndani chenyewe mara nyingi. Usitumie koleo kabisa, koleo linaponda mirija na hapo ndo umeizika.

Na kitako chake kina kifuniko cha kufungua kwa kuzungusha. Wengi hawajui. Kifungue ukifika nyumbani, toa vipande vyote kwa chini, suuza kwa maji safi, anika kivulini hadi vikauke ndani kabisa. Mi mara ya kwanza kukifungua yalitoka maji ya kahawia na vipande vya majani, kumbe nilikuwa natembea na ziwa moja ndani ya rodi napeleka ziwa lingine. Hili sio dogo, mbegu za magugu maji na mayai ya wadudu na vijikonokono vinahama hivyohivyo, na sisi tunaopita sehemu nyingi za umma kwa siku moja ndo wabebaji wakubwa. Rodi ya vipande viwili haina hili tatizo maana haina tumbo la wazi, hapo imeshinda.

Sasa ncha kuvunjika. Ilivunjika mwezi wa tano wa kuitumia, na haikuvunjwa na samaki, ndoana ilinasa kwenye kisiki mi nikanyanyua rodi juu kuvuta badala ya kunyoosha rodi kuelekea kwenye maji na kuvuta mshipi kwa mkono. Kosa hilo linavunja rodi yoyote. Lakini nilipoangalia pale ilipokatika nikaumia kwa jambo lingine. Kwenye boksi imeandikwa kwa herufi kubwa kaboni asilimia 99. Kaboni ikivunjika inaonyesha nyuzi nyeusi. Hii ilionyesha nyuzi nyeupe tupu, faibaglasi, na rangi nyeusi ilikuwa juujuu tu. Niliwaandikia waliotengeneza, sikujibiwa hadi leo. Faibaglasi sio kitu kibaya, tena kwa ncha inavumilia kupindwa kuliko kaboni, kwa bei ya aina hii na matumizi ya ukingoni ningeichagua hata kama wangeniambia ukweli. Basi wangeniambia! Mtu ambaye anakusanya hela miezi mitatu anunue rodi ya kwanza anastahili kujua ananunua nini. Kwa hiyo ukiwa dukani usisome asilimia, ishike uipime uzito mkononi, ichomoe yote uizungushe uone kama pete zinakaa mstari mmoja, pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete, ikinasa nyuzi kuna ufa na ufa huo utakata mshipi wako. Tikisa pete ya nchani kama inacheza, maana hiyo ndo inayong'oka ya kwanza.

Kuitengeneza nilikata pale palipovunjika pakawa sawa, nikasugua kwa msasa laini, nikachukua pete ya ncha yenye tundu linalolingana, gundi ya kuyeyusha kwa moto, nikabandika nikaisawazisha na pete zingine kabla haijapoa. Rodi imepungua kama sentimita 6 na imekuwa ngumu kidogo nchani. Bado inavua. Usitumie gundi zile za kukausha papo kwa papo, hazikupi muda wa kunyoosha na siku ukitaka kuitoa huwezi, hii ya moto unaipasha tu inaachia.

Rili iliyokuja nayo kwenye seti niliitoa siku ya pili, nisiwadanganye. Inasifiwa ina beringi nyingi, idadi ya beringi haikuambii kitu, kilichonikera ni breki yake, inashika inaachia inashika, samaki akikimbia mshipi unapigwa na mishtuko na hivyo ndo unakatika. Nailoni ya bure iliyokuja nayo imekaa kwenye rili muda mrefu imeshika umbo la springi, tupa. Weka mpya, jaza hadi ibaki milimita 2 hivi kufika ukingo wa spuli, yaani kile kigurudumu cha rili kinachobeba mshipi, ukijaza kidogo hairushi mbali, ukizidisha inamwagika yote kama vermicelli. Mi nabaki na nailoni kwa hii rodi, sio ule mshipi wa kusukwa, kwa sababu nailoni inavutika na ule mvuto unaisaidia rodi yenye maungio mengi isipate mshtuko, na pia ule wa kusukwa ukigusa mwili wa rodi pale pete zilipo chache unaikwaruza.

Kama ni alama, kwa mtembeaji wa ukingoni mwenye begi moja naipa nane kwa kumi, zile mbili nimeziondoa kwa maungio na kwa maneno ya kwenye boksi. Kwa mtoto anayeanza sio nzuri, atachomoa kwa nguvu na kuivunja wiki ya kwanza, mpe fimbo ya kawaida isiyo na rili, mita tatu, mshipi umefungwa nchani, atajifunza kuliangalia boya vizuri zaidi. Kwa samaki wakubwa kama sangara usijaribu, vipande vitang'oka. Na kama maji yako yana matete mapana nunua ya mita 3.6 badala ya 2.7, ile ya kwangu mara kadhaa nimeona samaki wanaruka nyuma ya matete na sifiki, huo urefu wa karibu mita moja ndo ungenifikisha.

Mwaka huu mvua zikianza naenda na ileile iliyokatwa ncha, pale kwenye nyasi. Pete mpya imekaa sawa, nimeijaribu bwawani juzi kwa gramu 15, mshipi unatoka vizuri. Mwenye swali la saizi ya ndoana au namna ya kubandika ncha aulize hapa ntajibu, na kama kuna mtu anajua rodi ya kukunja ambayo kweli ni kaboni na ameivunja akaona nyeusi, naomba aniambie ni ya aina gani.